Kichanja cha Everlyn na Kitanda cha Ryan

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tena. Riruta yote matope. Everlyn ameanika mnanaa kwenye kamba ya nguo ya ploti, katikati ya ovaroli mbili za Kibe, jirani yetu. Jioni tumekunywa chai yenye harufu ya sabuni ya unga. Nikaisifu chai. Everlyn hakunishukuru, na hapo ndipo nilipojua mambo si mazuri.

Kisha akasema. Mama yake anafika Jumamosi kutoka Kitale. Jumanne ijayo anatolewa mtoto wa jicho. Na kitu cha kwanza atakachotaka kuona, kwa hilo jicho moja linaloona kidogo, ni kichanja changu.

Nieleze vizuri, maana shajara haifichwi kitu. Krismasi nilimwahidi Everlyn kichanja cha mbao cha kukaushia mnanaa, mchaichai na rozmari anazopanda kwenye magunia nyuma ya nyumba. Januari mama mkwe akauliza kwa simu kimefika wapi. Nilikuwa ofisini, nina haraka. Nikamwambia kimeshaisha! Akanibariki kwa dakika nne nzima. Baraka nimeshaitumia, kichanja hakipo.

Everlyn amesema hataniaibisha mbele ya mama yake. Kama sitakuwa nimekijenga kufikia Ijumaa jioni, atamwomba Kibe.

Kibe! Mwanamume anayetundika pima maji sebuleni, pale watu wengine wanapotundika picha ya harusi. Mwaka juzi alitutengenezea mlango wa jikoni. Kila mgeni akija, Everlyn anafunga na kufungua ule mlango ili asikie unavyonyamaza. Heri nijenge kwa meno.

Jumanne, 13 Mei

Nimeanza vizuri sana. Mchana, pale ofisini mjini (mimi ni karani wa mafaili kwa mawakili, orofa ya nne, lifti haipandi), nimetazama video saba za vichanja. Mkubwa akapita nyuma yangu. Nikamwambia ni ushahidi wa kesi ya ardhi. Akatazama kidogo na kuniuliza nani anamshtaki nani. Nikamjibu bado tunachunguza.

Jioni nikapitia duka la mbao, Naivasha Road. Nimenunua miguu minne na fremu tatu za upana wa sentimita tisini, zote zimekatwa pale pale kwa mashine. Zile fito za kulalia majani nikasema nitakata mwenyewe. Kijana wa mashine akasema anaweza kuzikata pia, dakika tano tu. Nikamwambia kuna mambo mwanamume hufanya kwa mikono yake. Wenzake wakacheka. Sijui kitu gani kiliwachekesha.

Nimeazima msumeno kwa bawabu. Tepu nimechukua kwenye kikapu cha kushonea cha Everlyn. Kibe alikuwa mlangoni kwake akinitazama. Akasema, "Odero, ukikwama niko." Nikamshukuru kwa sauti ya mtu asiyekwama.

Jumatano, 14 Mei

Fito ishirini na nne. Zote nimekata mimi. Kila moja nimepima sentimita tisini, mara mbili, kama mafundi wanavyosema. Malengelenge matatu. Everlyn akanipakia mafuta, na akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama mwaka 2007. Nilifurahi, siwezi kukana.

Halafu nikaweka fito ya kwanza kwenye fremu. Ikapita katikati na kuanguka chini. Nikaweka ya pili. Chini. Nikaziweka zote ishirini na nne moja baada ya nyingine, nikitumaini hata moja itakuwa na heshima. Chini! Kila moja imepungua sentimita kumi, zote sawasawa.

Nimefikiri sana. Tepu haina makosa, tepu ni tepu. Mbao imesinyaa kwa baridi. Mwezi wa Mei Nairobi unajulikana.

Nimezificha fito chini ya kitanda cha Ryan. Ryan, kijana wetu, yuko shule ya bweni hadi Agosti, kwa hiyo chumba kile hakina mtu. Nikiwa nimepiga magoti pale nikainua macho. Juu yangu kulikuwa na chaga za kitanda. Mbao ngumu, laini, zimepakwa vanishi. Kumi na nne. Nikavuta moja, nikailaza kwenye fremu.

Ikakaa! Kana kwamba Mungu mwenyewe alipima.

Alhamisi, 15 Mei

Niliomba ruhusa ofisini nusu siku. Nimesema nina mambo ya mkwe, na si uongo.

Nimechukua chaga kumi. Mbili nimeacha upande wa kichwa na mbili upande wa miguu, katikati nimeweka maboksi mawili matupu ya mafaili. Godoro juu, shuka juu, mto juu. Ukitazama ni kitanda. Usipokilalia ni kitanda kabisa.

Na nani atakilalia? Ryan hayupo. Mama mkwe je? Hapana! Asili yao Bungoma na kwetu Siaya, hata tubishane mengine yote, hili tunakubaliana: mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Miaka kumi na minane hajawahi hata kusinzia kwenye kiti changu. Akija Nairobi hulala Muthangari kwa Debra, dada yake Everlyn ambaye bado hajaolewa. Ni mila. Zamani nilisema mila ni mizigo ya wazee, na niliyasema hayo kwenye matanga, mbele ya wazee wenyewe. Leo nayafuta. Mila ni kitu kizuri sana. Mila inalinda kitanda kuliko kufuli.

Saa kumi na mbili kichanja kimesimama. Ghorofa mbili, chaga tano kila moja, fremu ya tatu nimeiacha wazi ili upepo upite. Nimekipeleka barazani penye kivuli. Everlyn aliporudi alikizunguka mara mbili. Akapitisha kidole. Akauliza vanishi nimepaka saa ngapi na tayari imekauka. Nikasema ni vanishi ya kisasa. Akalaza mnanaa ghorofa ya chini, rozmari na mchaichai ya juu, akarudi nyuma akakunja mikono. Hakufungua ule mlango aliotengeneza Kibe hata mara moja usiku huu.

Ijumaa, 16 Mei

Asubuhi kabla sijatoka, Kibe amekuja kukagua. Hakuitwa. Ameweka pima maji yake juu ya kichanja. Povu likakaa katikati, kichanja kimenyooka! Nilitaka kuimba.

Kisha akainama. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko ninavyopenda mtu akae ameinama karibu na kazi yangu. Akasema, "Hizi mbao ni kama tunajuana."

Nikakumbuka. Ee Mungu wangu, nikakumbuka! Kitanda cha Ryan kililetwa vipande vipande, na aliyekiunganisha ni Kibe. Na Kibe, kwa kuwa ni Kibe, alichonga namba kwenye kila chaga kwa patasi, kuanzia moja hadi kumi na nne, ili siku tukihama tusihangaike.

Nikatazama. Saba. Tatu. Kumi na moja. Zinaonekana kabisa.

Kibe akanyooka. Akasema ni kazi safi. Akaenda zake akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Siku nzima ofisini sikufaili kitu. Nimewaza: atasema? Hatasema? Na akisema atamwambia Everlyn peke yake, au atasubiri mama mkwe afike ili apate hadhira?

Jioni nimemkuta Everlyn mchangamfu sana. Amenipikia omena, dagaa wa ziwani, na bila mimi kuomba. Amesema ametandika kitanda cha Ryan upya, shuka zile za maua. Nikamuuliza ya nini. Akasema nyumba ikipata mgeni ni vizuri vyumba vyote vipendeze. Nikamuuliza kama ameona kitu chochote. Akauliza kitu kama kipi. Nikasema buibui. Akasema hakuona buibui.

Nimehema. Mambo yanaenda vizuri.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika polepole.

Tulimpokea mama mkwe mjini saa tatu asubuhi, kwenye kituo cha mabasi ya Magharibi. Mwalimu Naliaka, miaka sabini na moja, alifundisha hesabu miaka thelathini na minane na bado anatembea kama anayeelekea kumchapa mtu. Nikasimama hatua nne mbali, macho chini, jinsi ninavyomsalimu siku zote. Naye akatembea zile hatua nne, akaninyooshea mkono.

Mkono! Nikautazama. Everlyn akanisukuma kwa kiwiko, nikaushika. Mama mkwe akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwa wauza maji, "Baba Ryan, mimi sasa nimeokoka sawasawa. Hayo ya kukimbiana kama kuku nimeacha."

Nikapongeza. Nikasema Bwana asifiwe. Bado sikuwa nimeelewa.

Nikaelewa kwenye teksi. Mimi nimekaa mbele, wao nyuma. Mama akatangaza kwamba safari hii haendi Muthangari. Atalala kwetu, hadi Jumanne. Mchungaji wao amewafundisha kwamba Mungu hahesabu nani amelala kwa nani. Everlyn akajibu, "Najua Mama, si tuliongea kwa simu. Kitanda kiko tayari."

Dereva akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia anifungulie dirisha.

Nikaanza kuitetea mila. Kuanzia Westlands hadi Kawangware niliitetea mila. Nikamtaja babu yangu marehemu, ambaye sikuwa nimemtaja tangu tumzike. Nikasema vijana wa leo wamepotea, tusipoishika mila sisi, ataishika nani? Everlyn akauliza tangu lini. Nikasema tangu zamani, moyoni. Mama akasema nimekua mtu mzima, inapendeza, lakini yeye atalala kwetu.

Nyumbani akataka kuona kichanja kwanza. Kwa kuwa macho hayasaidii, alikipima kwa mikono. Kibe naye alikuwepo, ametokea kama moshi. Mama akapitisha vidole kwenye chaga, akasimama. Akarudisha vidole. Akasoma kwa sauti, kama yuko darasani: saba, tatu, kumi na moja, nne, tisa. Akaniuliza mbona nimezipa mbao namba, na mbona namba hazifuatani.

Nikamtazama Kibe. Kibe akatazama mawingu. Nikasema ni mfumo.

Mama akasema hajawahi kuona mfumo wa aina hiyo, ila kichanja kimesimama imara na mnanaa unanukia mnanaa, na hicho ndicho muhimu. Akanibariki mara ya pili. Kisha akasema amesafiri usiku kucha, mgongo unauma, anaenda kujinyoosha kidogo kabla ya chakula.

Hapa sitaficha. Niliogopa kweli kweli. Huyu mama, mwaka ule nilipofutwa kazi, alitutumia gunia la mahindi kila mwezi kwa basi na hakuwahi kuuliza nitapata kazi lini. Sasa nikamwona akilini yuko sakafuni, kati ya maboksi mawili ya mafaili, na jicho lake linalongoja daktari. Na alikuwa ameshafika mlangoni kwa Ryan. Everlyn nyuma yake anabeba mkoba, mtulivu kama mtu anayetazama sinema.

Ningesema ukweli. Najua. Ulikuwa ni mstari mmoja tu: Mama, usilale, nimeng'oa chaga. Mdomo ukakataa kabisa.

Nikapita. Nikampita Everlyn, nikampita mama mkwe, nikajitupa kitandani chali, viatu vyote miguuni! Nikafumba macho nikingoja sakafu.

Sakafu haikuja.

Nikafumbua jicho moja. Kitanda kimetulia. Hakikulia hata kidogo. Mimi kilo tisini na mbili, nimelala juu ya shuka za maua, na mama mkwe wangu amesimama juu yangu.

Kibe alikuwa dirishani. Mluzi wake ulikatika katikati ya wimbo.

Mama akamuuliza Everlyn huyu anafanya nini. Everlyn, kwa mara ya kwanza wiki hii, aliangusha mkoba. Mama akanyoosha mkono, akagusa kiatu changu, akarudisha mkono haraka. Akasema, polepole sana, "Wokovu ni wokovu. Lakini kitanda mkwe wangu amelalia nikikiona kwa macho yangu, hapana. Hata Mchungaji hawezi. Everlyn, nipigie Debra."

Mila ilishinda! Saa nane Debra alimfuata na gari la jirani yake wa Muthangari. Mama aliondoka akicheka na kutikisa kichwa, kifurushi cha mnanaa mapajani. Nilipunga mkono nikiwa hatua nne mbali. Nilitokwa na machozi kidogo, na sioni aibu. Mama yuko mzima. Mgongo wake mzima, jicho lake liko pale pale lilipokuwa.

Ila sielewi kile kitanda. Nimechoka mno kuinua godoro. Kesho.

Jumapili, 18 Mei

Everlyn hakungoja niinue. Baada ya kanisa alinishika mkono, akanipeleka chumbani kwa Ryan, akainua godoro mwenyewe.

Maboksi hayapo. Kuna ukingo mpya wa mbao umepigiliwa kwa ndani, kila upande, na juu ya ukingo zimelala fito zangu. Zile fupi! Kumi kati ya ishirini na nne, zimenyooka, zimepigwa msasa. Alipotandika kitanda Ijumaa asubuhi godoro lilimeza mkono wake hadi kwenye kiwiko. Akamwita Kibe. Kibe alimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alitaka kuona nitamwambia saa ngapi. Alinipa nafasi kwenye teksi nzima. Alinipa kichanja, kwa namba zake. Alinipa mlango. Akasema hakuwahi kufikiri mtu mzima angeruka.

Kibe akaja kwa chai na akaomba aone tepu niliyopimia. Akaninyooshea mbele ya macho. Inaanzia kumi. Everlyn akakumbuka: alikata sentimita kumi za mwanzo mwezi wa tatu akafungia mche wa nyanya. Kibe akasema ndiyo sababu. Akasema niitupe.

Nimewasikiliza kwa heshima. Inawezekana. Lakini baridi ya Mei pia wasiidharau.

Nikamshukuru Kibe kwa kunyamaza. Ilitoka kwa shida kama jino, lakini ilitoka, na nilimaanisha. Akasema si kitu. Akaongeza kuwa hata mke wake hajamwambia. Hapo nikaona kwamba jirani huyu ana utu, pamoja na makosa yake mengi. Everlyn akacheka hadi akakaa chini, nami nikacheka, na chai ilinukia rozmari tupu, hakuna sabuni.

Na nikiwaza vizuri, nani alikata fito zile zinazoshikilia kitanda? Mimi. Kwa hiyo wiki moja nimejenga kichanja na kutengeneza kitanda. Kibe amesaidia kupigilia.

Jumatatu, 19 Mei

Furaha juu ya furaha. Debra amepiga simu kutoka Muthangari. Mama amelala vizuri, ameamka vizuri, na jana amewasimulia wamama wa kanisa kwa Debra jinsi mkwe wake alivyojitupa kitandani kwa mwili wake ili kuilinda heshima ya mama mkwe. Wengine wamelia. Mmoja ameuliza kama nina kaka.

Kesho ni daktari. Everlyn atashinda huko hospitalini na kulala kwa Debra siku mbili, amwangalie mama yake. Nyumba itakuwa yangu.

Mchana, nikiwa ofisini, Mama mwenyewe akapiga. Akasema kile kichanja hakimtoki akilini. Anataka chake, cha dirisha la jikoni Kitale, mita moja na sentimita thelathini, arudi nacho Jumamosi. Hataki kunisumbua. Kama nina kazi nyingi atamwomba yule jirani wetu mpole.

Yule jirani wetu mpole!

Nilikuwa na haraka, mkubwa anakuja. Nikamwambia asihangaike, kimeshaisha. Akanibariki kwa dakika sita.

Jioni nimefunga mlango wa chumba chetu, nimeinua godoro letu. Kitanda cha watu wawili, chaga kumi na sita, mbao ya mvule, na kuna nyingine kati yazo ambazo sidhani zinafanya kazi yoyote. Nimepima moja kwa tepu ya Everlyn. Mita moja na sentimita thelathini, kana kwamba Mungu mwenyewe alipima.